FUNDI WA TENKI LA MAZIWA: MWULIZE CHETI, MWULIZE NA LESENI

Siku hizi umeme umefika karibu katika kila kijiji cha Tanzania. Wakala wa Nishati Vijijini, ambao wengi tunauita REA, ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimepita mashambani mpaka mahali ambapo zamani taa ilikuwa koroboi.

Umeme ulipofika, friji zilifuata. Duka la soda lina friji. Bucha lina friji. Zahanati ina friji ya chanjo. Mwaloni kuna majokofu ya samaki. Na vikundi vya wafugaji vimenunua matenki ya kupozea maziwa, mengine kwa mkopo.

Mashine hizi zote siku moja zitaharibika. Siku hiyo utamwita fundi. Je, utamwita fundi yupi? Utajuaje kwamba anajua kazi? Na akikuharibia, utamshitaki wapi?

Mimi si fundi wa friji. Kazi yangu ni kilimo na mifugo. Lakini maziwa yakiharibika, mtu wa kwanza kuulizwa ni mimi. Kwa hiyo nimelazimika kuyajua mambo haya.

MAZIWA HAYASUBIRI

Maziwa yakitoka kwenye kiwele yana joto la mwili wa ng'ombe, yaani nyuzi 38 hivi. Hilo ni joto wanalolipenda sana vijidudu. Katika joto kama hilo vijidudu vinaweza kuongezeka mara mbili kila nusu saa. Hebu tupige hesabu. Kama kuna vijidudu 1,000, baada ya nusu saa vitakuwa 2,000. Baada ya saa moja, 4,000. Baada ya saa tano vitakuwa zaidi ya milioni moja.

Ukiyapoza maziwa haraka mpaka nyuzi 4, vijidudu havifi, lakini vinakaa kama vimelala. Hiyo ndiyo kazi ya tenki. Tenki lisipopoza, unabaki na pipa la bei kubwa lenye maziwa yanayochacha. Gari la kiwanda likifika, mpimaji atayapima na kuyakataa. Kama tenki ni la lita 500, na lita moja mnauza shilingi 1,000, mmepoteza shilingi 500,000 kwa asubuhi moja. Fedha hizo ni za mama aliyeleta lita tatu na za mzee aliyeleta lita kumi.

Kikundi kimoja cha wafugaji katika eneo langu la kazi kilipata shida hii. Tenki lao lilipoanza kuchelewa kupoza, walimwita fundi aliyekuja kwa pikipiki. Alisikiliza, akagusa bomba, akasema, "Gesi imeisha." Akajaza, akalipwa, akaenda zake. Baada ya miezi mitatu tenki likachelewa tena. Fundi akarudi. "Gesi imeisha." Akajaza, akalipwa. Mara ya tatu ikawa hivyo hivyo. Mara ya nne mota iliungua kabisa, na simu ya fundi ikawa haipatikani.

Walipomleta fundi mwingine kutoka mjini, alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba. Mahali pamoja povu likatoa mapovu madogo madogo. Palikuwa na tundu dogo kama la sindano. Gesi yote waliyoilipia mara tatu ilikuwa imetokea hapo.

GESI HAIISHI, HUVUJA

Neno hili likumbuke. Gesi ya friji si kama mafuta ya taa. Haiungui, wala hailiki. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Mota, ambayo mafundi huiita kompresa, huisukuma na kuibana. Ikibanwa inapata moto. Inapita kwenye mabomba ya nyuma, joto lake linatoka hewani, na gesi inageuka kuwa maji maji. Kisha hupitishwa katika tundu jembamba, inapanuka na kupoa sana, na inavuta joto kutoka kwenye maziwa au soda. Halafu inarudi kwenye mota na kuanza safari upya.

Ndiyo maana ukishika nyuma ya friji unasikia joto. Joto hilo ndilo lililotolewa ndani. Ndiyo maana pia usiisogeze friji mpaka iguse ukuta, wala usiianikie nguo nyuma yake. Friji nyingi ninazoziona madukani zimebanwa ukutani na kufunikwa kitambaa cha maua. Zinapendeza, lakini zinakosa hewa.

Basi kama mabomba ni mazima, gesi iliyowekwa kiwandani inaweza kukaa kwa miaka mingi bila kuongezwa. Fundi akikuambia gesi imeisha, mwulize swali moja tu: "Imetokea wapi?" Fundi wa kweli hatakasirika. Atatafuta tundu, ataliziba, atapima kama pameshika, kisha ataondoa hewa yote ndani ya mabomba kwa pampu kabla ya kutia gesi mpya. Fundi ambaye hana pampu ya kuondoa hewa anaacha hewa na unyevu ndani ya mabomba. Unyevu huo ndio unaoiua mota baadaye.

SOMA KIBATI

Wewe unayejua kusoma una nguvu ambayo wengine hawana. Nenda nyuma ya friji au ubavuni mwa tenki. Utaona kibati au karatasi iliyobandikwa. Tafuta herufi R na namba. Hiyo ndiyo aina ya gesi. Iandike kwenye daftari la kikundi.

Gesi hizi zina historia. Friji za zamani zilitumia R-12. Wataalamu waligundua kwamba gesi hiyo ikivuja hupanda juu angani na kuharibu tabaka la ozoni, ambalo hutukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalikubaliana huko Montreal, nchini Kanada, kuziondoa gesi za namna hiyo. Tanzania iliingia katika mapatano hayo mwaka 1993. Kufikia mwaka 2010, R-12 ilikuwa imepigwa marufuku duniani.

Baadaye ikaja zamu ya R-22, ambayo imo katika mitambo mingi ya zamani ya hewa baridi na katika baadhi ya matenki. Nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimepunguza gesi hiyo kwa zaidi kidogo ya theluthi mbili ifikapo mwaka 2025. Mwaka 2030 itakoma, isipokuwa kiasi kidogo cha kutengenezea mitambo iliyobaki. Maana yake kwa mwanakijiji ni hii: mtu akikuuzia tenki la mtumba kwa bei rahisi, soma kibati kwanza. Kama ni R-22, gesi yake itazidi kuwa adimu. Urahisi wa leo utaulipia kesho.

Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia R-600a. Gesi hii haiharibu ozoni, na inatumika kidogo sana, mara nyingi chini ya gramu 100. Lakini inawaka moto. Fundi asiyejua akija na moto wa kuchomelea kabla ya kuitoa gesi yote, anaweza kujiunguza na kuunguza nyumba. Kazi ya friji kama hiyo ifanyike mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara.

Na hapa niseme jambo ambalo baadhi ya mafundi hawatapenda. Wako wanaojaza gesi ya kupikia kutoka kwenye mtungi wa jikoni ndani ya friji au tenki lililotengenezwa kwa gesi nyingine. Mashine inaweza kupoza kwa siku kadhaa, na mwenyewe akafurahi. Lakini swichi na nyaya za mashine hiyo hazikutengenezwa kukaa karibu na gesi inayowaka. Cheche moja yatosha. Fundi akija na mtungi wa jikoni, mrudishe.

KARATASI TATU ZISIZOFANANA

Watu wengi huchanganya cheti, leseni na usajili. Kila karatasi ina kazi yake.

Cheti cha ufundi kinasema kwamba mtu huyu amejifunza na amepimwa. Katika nchi yetu vyeti hivyo vilisimamiwa kwa miaka mingi na VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Fani yenyewe inaitwa majokofu na viyoyozi. Unapokisoma cheti, angalia usidanganyike na namba. Vyeti vya zamani vilihesabiwa kwa daraja, na daraja la 1 ndilo lilikuwa la juu. Vyeti vya sasa vinahesabiwa kwa ngazi, na ngazi ya 3 ndiyo ya juu. Kwa hiyo mzee mwenye daraja la 1 la zamani ni fundi mkubwa, lakini kijana mwenye ngazi ya 1 ya sasa ndiyo kwanza anaanza.

Leseni ya biashara ni kitu kingine. Hutolewa na halmashauri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, na hudumu mwaka mmoja. Leseni inasema kwamba mtu huyu ameruhusiwa kufanya biashara, anajulikana mahali alipo na analipa kodi. Haisemi kwamba anajua kuziba bomba. Nimeona watu wakipigwa butwaa kwa leseni iliyotundikwa ukutani kwenye fremu. Mwulize na cheti.

Lakini leseni ina faida yake. Mwenye leseni ana mahali pa kumpata. Ana namba ya mlipakodi na anaweza kutoa risiti. Yule wa pikipiki niliyemtaja alikuwa na simu tu.

Karatasi ya tatu ni usajili wa ukandarasi. Huu hutolewa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa sheria namba 17 ya mwaka 1997. Kutengeneza friji ya duka hakuhitaji usajili huo. Lakini kama halmashauri inajenga kituo cha afya au chumba kikubwa cha baridi cha kuhifadhia samaki, anayepewa kazi ya kufunga mitambo lazima awe mkandarasi aliyesajiliwa. Makandarasi wamepangwa kwa madaraja, na kila daraja lina kikomo cha gharama ya kazi. Kama wewe ni mjumbe wa kamati ya ujenzi, una haki ya kuuliza daraja lake.

Na umeme je? Fundi wa friji siye fundi wa kufunga umeme wa jengo. Tenki kubwa linahitaji waya mnene, swichi yake peke yake, na waya wa ardhini. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwenye leseni ya kufunga umeme inayotolewa na EWURA. Wafugaji wengi wameunguza mota kwa sababu tenki limechomekwa kwenye waya mwembamba wa taa.

KABLA HAJAFUNGUA MASANDUKU YA VYOMBO

Patana naye kwa maandishi. Si lazima muwe na wakili. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, mradi pande zote mbili zitie sahihi na mwenyekiti wa kikundi awe shahidi. Andikeni kasoro iliyoonekana, kazi atakayoifanya, aina ya gesi na uzito wake, spea atakazoleta na kama ni mpya au zilizotumika. Andikeni bei ya ufundi mbali na bei ya spea. Andikeni pia kwamba likiharibika kwa kasoro ile ile ndani ya siku kadhaa, tuseme 90, atarudi bila malipo.

Msimlipe fedha zote mwanzoni. Mpeni za kununulia spea, na zilizobaki alipwe baada ya tenki kufanya kazi. Kulijaribu ni rahisi. Tieni maziwa ya jioni, washeni, na mtumie kipima joto. Yaangalieni baada ya saa mbili. Kama hayajakaribia nyuzi 4, kazi haijaisha, hata kama fundi ameshafunga vyombo vyake. Spea za zamani alizozitoa muachwe nazo. Fundi anayesita kuacha mota mbovu ana sababu yake.

Mkigombana baadaye, karatasi hiyo na risiti ndizo mtakazopeleka mahakama ya mwanzo. Bila karatasi mtabaki na maneno, na fundi naye ana maneno yake.

Usichague bei ndogo kwa sababu ni ndogo. Kile kikundi kilimlipa fundi wa kwanza mara tatu, kisha kikanunua mota, kisha kikamlipa fundi wa pili. Mweka hazina alipojumlisha, ilionekana fundi wa bei kubwa angekuwa nafuu tangu siku ya kwanza.

NA WEWE KIJANA FUNDI

Huenda anayesoma ukurasa huu ni wewe unayetengeneza friji chini ya mwembe. Ulijifunza kwa kumbebea vyombo fundi mwingine, na mikono yako inajua kazi kuliko wengi wenye vyeti. Nakuamini. Lakini daktari wa zahanati hawezi kukukabidhi friji ya chanjo kwa kuniamini mimi. Chanjo hutakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto au zikiganda, watoto watachomwa sindano isiyo na nguvu.

VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Hukaanzi darasa la kwanza. Unapimwa kwa vitendo, unafundishwa pale unapopungua, na ukifaulu unapewa cheti. Nenda chuo cha VETA kilicho karibu nawe ukaulize. Si kila chuo kina fani ya majokofu. Chang'ombe, Dar es Salaam, inayo. Waulize hasa kuhusu mafunzo ya gesi zinazowaka, maana huko ndiko kazi inakoelekea.

Ukishapata cheti, tafuta namba ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato. Namba hiyo hutolewa bure, kwa hiyo usimlipe mtu yeyote anayekaa nje ya ofisi. Kisha omba leseni katika halmashauri. Siku hizi maombi hupitia mfumo wa kompyuta uitwao TAUSI, na afisa biashara ataweza kukuonyesha. Najua malalamiko ya mafundi. Nauli ya kwenda wilayani mara tatu inauma, na mwenye kibanda bila leseni jirani yako anauza bei ya chini kwa sababu hana gharama hizo. Malalamiko hayo ni ya haki. Ofisi zetu zingefaa ziwafuate mafundi siku ya mnada, kama tunavyofanya sisi kwa chanjo ya mifugo.

Hata hivyo, soko lililo kubwa liko upande wa wenye karatasi. Shule, vituo vya afya na ofisi za Serikali hununua huduma kupitia mfumo wa NeST, na mtu asiye na leseni haingii. Humo taasisi za umma hutakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Fundi mmoja mmoja haifikii nafasi hiyo kwa urahisi. Mkiwa kikundi kilichosajiliwa, mnaweza. Kikundi hicho hicho kinaweza kuomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, uliosimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024. Pampu ya kuondoa hewa na mizani ya kupimia gesi ni vitu vya kununua kwa fedha hizo, kabla ya pikipiki.

Jihadhari na jambo moja. Serikali na vikundi vyote huweza kuchelewa kulipa. Usichukue kazi tatu kubwa za mkopo kwa wakati mmoja ukakosa fedha ya spea. Changanya na kazi za maduka na mabucha, ambako unalipwa siku hiyo hiyo.

Tena soko hili lina majira kama kilimo. Kuanzia Novemba mpaka Februari joto ni kali sehemu nyingi za nchi, friji zinafanya kazi bila kupumzika, na simu yako italia usiku. Juni na Julai kuna baridi, na watu wanazisahau friji zao. Mafundi wengi hukaa bure miezi hiyo. Ipitie miezi hiyo kwa wateja wako wa zamani. Wapatie bei ndogo ya kusafisha vumbi kwenye mabomba ya nyuma, kukaza nyaya na kupima kama kuna mahali panapovuja. Kwa kikundi cha wafugaji, patana nao kazi hiyo mara mbili kwa mwaka, kwa bei ya kudumu iliyoandikwa. Na wiki mbili tatu utakazobaki nazo, nenda VETA ukapimwe, maana Novemba hutapata nafasi ya kuondoka kijijini.